Usimwachie mtoto kesi yote: namna ya kuchunguza dhuluma dhidi ya watoto

Kila afisa mgeni katika uchunguzi wa dhuluma dhidi ya watoto anayeletwa kwangu hapa Kisumu huja na swali lilelile: mtoto anahojiwaje? Ni swali zuri na nitalijibu kwa urefu. Lakini kuna swali linalotangulia: ukiyatoa maneno ya mtoto, faili yako inabaki na nini? Nimefungua faili nyingi ambazo ndani mna taarifa ya mtoto wa miaka minane, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, basi. Kesi ya namna hiyo ikifika mahakamani, wakili wa mshtakiwa humwandama mtoto huyo asubuhi nzima kwa kuwa hana shahidi mwingine wa kumwandama.

Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama imtie mtu hatiani katika kesi ya ngono kwa ushahidi wa mtoto pekee, mradi hakimu aandike sababu zilizomridhisha kwamba mtoto anasema kweli. Kifungu hicho kimewasaidia watoto wengi na nakishukuru. Hata hivyo, fanya upelelezi wako kana kwamba hakipo.

Saa za kwanza

Habari inaweza kuletwa na mwalimu, mhudumu wa afya wa jamii, jirani, au ikapitia namba ya watoto ya 116 ambayo kupiga ni bure. Ikikufikia, uliza mambo mawili kabla ya yote: mtoto yuko salama sasa hivi? Na mara ya mwisho kutendewa ilikuwa lini? Ikiwa ni ngono na saa 72 hazijapita, nenda hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ni lazima zianzwe ndani ya saa hizo 72, na kila saa unayowahi ina faida. Za kuzuia mimba zina nafasi ya hadi saa 120. Hospitali za umma hutoa matibabu haya bure, na mtu yeyote asikurudishe eti ulete kwanza namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Sisi wa Kisumu tunampeleka Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, penye kitengo cha walionusurika dhuluma za kijinsia.

Mwambie mama mtoto kwa simu, kabla hujafika: asimwogeshe, asifue nguo, abebe nguo nyingine za kubadilisha. Kama ameshafua, azilete hivyohivyo, na usimkaripie. Nguo zitiwe kwenye bahasha za khaki, kila nguo na yake. Karatasi ya nailoni hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Andika juu ya bahasha tarehe, saa, aliyekupa na utakayempa. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ipo hapahapa Kisumu, kwa hiyo nguo kulala wiki tatu kwenye kabati la kituo ni uzembe usio na sababu.

Fomu ya hospitali ya waliobakwa au kunajisiwa hujazwa nakala tatu: ya polisi, ya mgonjwa, ya hospitali. P3 hutolewa bure na polisi, ikajazwa na daktari au tabibu. Kabla hujaondoka hospitalini, zisome zote. Muhuri upo? Tarehe ipo? Jina la aliyejaza linasomeka? Huyo ndiye atakayeitwa mahakamani miaka miwili baadaye, akiwa ameshahamishiwa Turkana, na wewe utakuwa unamtafuta kwa sahihi iliyoandikwa kama mkwaruzo wa kuku.

Kuongea na mtoto

Mtoto anapokufikia ameshamweleza mama, nyanya, mwalimu, chifu na nesi. Kila mmoja aliuliza kwa namna yake, pengine mwingine alimchapa kwanza. Kwa hiyo kabla hujamgusa mtoto, chukua taarifa ya mtu wa kwanza aliyeambiwa. Mtoto alisema maneno gani hasa? Aliulizwa nini hata akasema? Alikuwa akilia, alikuwa akicheza, alikataa kula? Huyo sasa ni shahidi kamili, na mzigo mmoja umeshamtoka mtoto.

Kisha patana na polisi wa dawati la jinsia. Mmoja atauliza, mwingine ataandika, na mtoto ataongea mara moja. Vaeni nguo za kawaida. Kaeni kwenye mkeka au benchi fupi, simu zizimwe. Mama ambaye atatoa ushahidi asikae ndani. Akae nje mahali mtoto anaweza kumwona mlango ukiwa wazi. Mtoto aliyetoka Nyakach alfajiri ana njaa, basi apewe chai na mandazi kabla hamjaanza. Ukimpa katikati, baada ya kusema jambo zito, utaambiwa mahakamani kwamba ulimnunua.

Anza na jambo lisilo na uchungu: "Nieleze vile umefika hapa leo, tangu ulipoamka." Mwache aseme yote, kuanzia uji hadi matatu. Hapo anajifunza kwamba kwako wewe anayeongea ni yeye, na wewe unajifunza jinsi anavyopanga habari zake. Mwambie pia kwamba akiwa hajui aseme hajui, na ukikosea akurekebishe. Mjaribu: "Nikisema wewe una miaka hamsini?" Akicheka na kusema, "La, anti, niko na tisa," ameelewa.

Ndipo useme: "Nimesikia kuna jambo lilitokea. Nieleze." Halafu nyamaza. Maafisa wengi hushindwa hapa, kwa sababu kimya cha mtoto kinaumiza na huruma yetu inatusukuma kumalizia sentensi zake. Usimmalizie. "Halafu?" inatosha. "Umesema alikuja. Nieleze zaidi kuhusu kuja kwake." Usimuulize, "Baba wa kambo alikushika hapa, siyo?" Ukishaliweka jina la mtu mdomoni mwa mtoto, umempa wakili kesi.

Watoto wetu wengi husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Ukiandika hivyo tu ukafunga daftari, mahakama haitajua kilichotendeka. Muulize, "Tabia mbaya ni kufanya nini? Nieleze alifanya nini na mwili wake, na wako." Akishindwa kutamka, aonyeshe kwenye mchoro wa mtu. Na kama anaongea Dholuo, hojiana naye kwa Dholuo. Andika maneno yake mazito vilevile alivyoyasema, tafsiri iwe pembeni.

Tarehe usimdai. Mtoto wa darasa la tatu hajui tarehe 14, lakini anajua kama ilikuwa siku mama alienda soko la Kibuye na kurudi na magunia, ambayo mara nyingi ni Jumapili. Anajua kama shule zilikuwa zimefungwa, kama kulikuwa na matanga kwa jirani, kama stima ilikuwa imepotea. Tarehe uitafute mwenyewe: daftari la mahudhurio la shule, ratiba ya mazishi, kina mama wa soko.

Mazingira yaseme

Niwape mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha ya kubadilishwa. Msichana mdogo, ploti moja ya mtaa wa Nyalenda, vyumba vya mabati mkabala kwa mkabala, mfereji katikati, choo mwisho. Katika maelezo yake alitaja radio. Alisema yule mtu alifunga mlango kisha akaongeza radio "hadi mabati yakatetemeka". Mwenzangu alikuwa anataka kulipita jambo hilo kwa haraka ili afike kwenye tendo lenyewe. Nikamwashiria aandike.

Jioni tukaenda kwenye ploti. Nilichora ramani kwa mkono: mlango uko wapi, komeo liko ndani au nje, ukuta wa kushoto unapakana na nani. Wa kushoto alikuwa mama muuza omena. Sikumwambia nilichotafuta. Nikamuuliza kama kuna siku alisumbuliwa na majirani. Akasema ndiyo, mchana fulani radio ya chumba kile ilimwamsha mtoto wake mchanga, akagonga ukuta, haikupunguzwa, akaenda kulalamika kwa mtunza ploti. Mtunza ploti naye alikumbuka, kwa kuwa siku hiyohiyo alikuwa anazunguka kukusanya kodi, na daftari lake la kodi lilikuwa na tarehe. Tukawa na siku, saa, mlango uliofungwa, na watu wazima wawili wasio na undugu wala ugomvi na upande wowote.

Basi ukifika nyumbani, tazama. Mtoto analala wapi na nani? Kuna pazia au hakuna? Funguo hukaa na nani mchana? Piga picha, lakini mchoro uwe nao, kwa sababu hakimu hupenda kuoneshwa hatua ngapi kutoka mlango hadi choo. Uliza kuhusu simu: ujumbe wa M-Pesa unaweza kuonyesha nani alimtumia nani pesa, lini. Ufuoni, kama Dunga, zungumza na BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo. Wao wanajua mashua na wavuvi wao. Mvuvi akisikia anatafutwa anaweza kuamkia kisiwa cha Rusinga au Mfangano, na asiyemjua nahodha wake hatampata.

Kwa kipigo, mwili nao una maelezo. Magoti na mifupa ya mbele ya miguu huchubuka mtoto akicheza. Masikio, mgongo, matako na sehemu za ndani za mapaja ni nadra kuumia kwa kuanguka. Waya wa stima uliokunjwa huacha alama ya kitanzi. Alama ya kuungua kwa maji moto iliyopanda miguu yote miwili na kuishia kwenye mstari ulionyooka si ya sufuria iliyopinduka. Maji yaliyomwagika huruka na kuchirizika ovyo. Andika ulichoona, kipimo na mahali, na maoni mwachie daktari.

Umri

Usiuchukulie wepesi, maana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hupima adhabu ya unajisi kwa umri. Mtoto wa miaka 11 kwenda chini, kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, miaka isiyopungua 20. Wa 16 hadi 18, isiyopungua 15. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba vifungo hivyo vya chini vina nguvu. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, taarifa ya mama, au uchunguzi wa umri kwa daktari wa meno.

Kesi ya nyumbani

Hili linaniumiza kuliko yote. Unafika kwa mara ya pili unakuta wazee wamekaa, mbuzi ametajwa, pesa zimetajwa, na mama hakuangalii usoni. Anakwambia, "Dada, tumeelewana." Usimgombeze huyo mama. Pengine anayemlipia kodi ni ndugu wa mshukiwa. Mweleze kwa upole kwamba kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kimeliondoa jambo mikononi mwake: uamuzi wa kusimamisha kesi ya ngono ni wa ofisi ya mashtaka ya umma, si wa familia wala wa chifu. Wengi hupumua wakisikia hivyo, kwa sababu sasa wanaweza kuwaambia wakwe zao kwamba si wao wanaokataa.

Halafu andika kikao chenyewe. Nani aliita, kilikaliwa kwa nani, kiasi gani kilitajwa, nani alikibeba. Na mshukiwa akiwa mwalimu, peleka ripoti TSC, tume inayowaajiri walimu, pia: waraka wake namba 3 wa 2010 unamtaka kila mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono aripoti, na anayenyamaza huadhibiwa.

Mtoto alale wapi

Mshukiwa atoke, mtoto abaki. Hilo ndilo la kwanza kujaribu. Likishindikana, tafuta shangazi au nyanya, ukague nyumba hiyo kama ulivyokagua ya kwanza. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, na makao ya watoto ni ya mwisho kabisa. Mtoto aliyepelekwa makao mbali na shule yake na ndugu zake hujiona kwamba aliyefungwa ni yeye, na ndipo huanza kukana aliyoyasema.

Siku ya mahakama

Wiki moja kabla, mpeleke aone chumba kikiwa kitupu: hakimu hukaa pale, wewe utasimama hapa. Usimfundishe la kusema. Mwombe kiongozi wa mashtaka atumie kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, ili mtoto atangazwe shahidi aliye hatarini, awekewe pazia, au aongee kupitia msaidizi. Hakikisha jirani wa omena, mtunza ploti na aliyejaza P3 wamepata hati zao za kuitwa, na waingie karibu na zamu ya mtoto. Panga nauli na chakula vya siku nzima. Kesi ikiahirishwa, mpe mlezi tarehe mpya kwa maandishi kabla hajatoka langoni, na umpigie siku tatu kabla ya tarehe hiyo ujue kama bado wanaishi palepale.