SOMO: Kutolewa kinyama cha figo, nani anahitaji na inafanyikaje

Habari zenu wana Mwanza, na wakubwa shikamooni. Kinyama ni kipande kidogo cha nyama ya figo kinachotolewa kwa sindano kikapimwe maabara (biopsi). Wodini hapa swali halikauki: "Kreatinini mmepima, ultrasaundi mmepiga, kinyama cha nini tena?" Kreatinini, kipimo cha damu, inasema figo inachuja kiasi gani. Ultrasaundi inaonyesha ukubwa na umbo. Kinachoiharibu figo ndani kwa ndani, vipimo hivyo viwili mara nyingi havikioni.

Hatua ya 1: Jua kama kinakuhusu.
Si kila mgonjwa wa figo anachomwa sindano. Mwenye kisukari cha miaka mingi na macho yameshaathirika, chanzo kwa kawaida kinajulikana. Kichocho cha mkojo, kile cha vijiji vya bara vyenye madimbwi na majaruba, huziba mirija kwa makovu. Ultrasaundi itaonyesha figo imejaa maji, na kinyama hakitaongeza kitu.

Ila mchukulie kijana mvuvi wa Ukerewe: uso umevimba asubuhi, miguu jioni, mkojo una povu lisilokatika. Inaweza kuwa VVU, homa ya ini B, kichocho cha tumbo (ndicho kilichojaa visiwani), au kinga ya mwili kushambulia figo. Kwa nje wote wanafanana. Mmoja atafaa kwa prednisoloni (dawa ya kutuliza kinga ya mwili), mwingine kwa ARV, na mwingine prednisoloni itamletea balaa. Huyu ndiye wa kutolewa kinyama, tena mapema, kabla nyumbani hawajamaliza miezi wakitafuta aliyemroga.

Hatua ya 2: Maandalizi.
Presha ishuke chini ya 140/90. Hupimwa wingi wa damu na uwezo wake wa kuganda. Aspirini na ibuprofeni husimamishwa kama wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari. Mitishamba na diklofenaki za dukani zitajeni zote, hakuna atakayewagombeza. (Wengine watagombeza. Tajeni hivyo hivyo.)

Hatua ya 3: Sindano.
Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Unachomwa ganzi, daktari anaitafuta figo kwa ultrasaundi, anakwambia "bana pumzi", kwa sababu figo hupanda na kushuka unapopumua. Sindano ina springi, italia "ta!". Msishtuke. Kinachotoka ni kiuzi cha nyama cha sentimita 1 hadi 2, na kwa kawaida huchukuliwa viwili. Njia hii ni ya zamani: Iversen na Brun wa Denmark waliitangaza 1951, wagonjwa wao wakiwa wamekaa, Kark na Muehrcke wa Marekani wakawalaza kifudifudi 1954.

Baada ya hapo lala chali kwa muda wa saa 6 hivi, na kila mkojo uonyeshe nesi.

Hatua ya 4: Maabara.
Figo moja ina vichujio karibu milioni. Kwenye kinyama tunataka angalau 10. Darubini ya kawaida huona makovu na uvimbe. Rangi zinazong'aa huonyesha kingamwili zilizoganda kwenye vichujio. Kwa rangi hizo Berger na Hinglais wa Paris waliutambua ugonjwa wa IgA (aina ya kingamwili inayoganda kwenye vichujio), 1968. Kipande cha kazi hiyo hakitumbukizwi kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia sampuli), kwa hiyo ulizeni kabla ya sindano: sampuli inapelekwa wapi, na ndani ya nini?

MASWALI YA WANACHAMA

*Igombe: Nesi, ukitoa kinyama si ndiyo unausambaza ugonjwa?*
Hapana, kaka. Hatari yenyewe ni damu kuvuja. Kati ya wagonjwa 100, 1 au 2 huhitaji kuongezewa damu.

*Kisesa: Mama yangu figo zimesinyaa, zote chini ya sentimita 9. Akubali?*
Pole, mdogo wangu. Figo za namna hiyo mara nyingi zimebaki makovu. Atabeba hatari bila faida. Muulizeni daktari kuhusu maandalizi ya kusafisha damu. Na mkono asioandikia msiruhusu uwekewe dripu ovyo, mishipa yake itakuja kuhitajika.

*Ukerewe: Naweza kurudi ziwani lini?*
Kuvuta nyavu, kubeba ndoo za dagaa, na bodaboda kwenye makorongo, subiri wiki 2. Siku za mwanzo omba ndugu akupokee hapa mjini. Mkojo ukitoa mabonge ya damu usiku ukiwa kisiwani, kivuko ni hadi asubuhi.