Namna ya Kutazama Filamu za Hip-hop Ukaielewa Hip-hop Yenyewe

Mtu anayetaka kuijua hip-hop kupitia filamu kwa kawaida huanza na zile zilizotangazwa zaidi, yaani filamu za maisha ya wachanaji (waimbaji wa rap) mashuhuri. Namshauri aziweke kando kwanza. Filamu hizo hutengenezwa baada ya fedha na umaarufu kuingia, na mara nyingi wahusika wenyewe huwa na mkono katika utayarishaji wake, kwa hiyo mtazamaji huonyeshwa mafanikio kabla hajaonyeshwa kazi iliyoyaleta. Anza na ufundi, yaani wa DJ, wa mchoraji wa grafiti na wa mchezaji, fuata na malumbano ya jukwaani, kisha ndipo ugeukie maisha ya watu. Na katika kila filamu jiulize ni nani aliyeitayarisha na alikuwa na maslahi gani.

Filamu ya kwanza iwe Wild Style ya mwongozaji Charlie Ahearn, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1983. Hadithi yake ni nyembamba, na mtazamaji aliyezoea visa vyenye mizunguko mingi huenda akachoka mapema. Avumilie, kwa sababu thamani ya filamu hii iko kwa watu waliomo. Lee Quiñones, ambaye alikuwa akichora grafiti kwenye treni za New York, anaigiza mchoraji, huku mchoraji Lady Pink, Fab 5 Freddy, kundi la rap la Cold Crush Brothers na wachezaji wa breki wa Rock Steady Crew wakifanya mbele ya kamera mambo yaleyale waliyokuwa wakiyafanya mitaani na ukumbini.

Ukifika pale DJ Grandmaster Flash anapoonekana jikoni na mashine zake za santuri, simamisha shughuli nyingine zote. Tazama mara mbili: mara ya kwanza fuata mikono yake, mara ya pili fumba macho usikilize tu. Ili uelewe anachokifanya, irudie historia hadi tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue huko Bronx, New York, ambapo Cindy Campbell aliandaa sherehe na ndugu yake, DJ Kool Herc, akapiga muziki. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji hukisubiri kwa hamu kile kipande kifupi ambacho waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake, akawa anatumia nakala mbili za santuri moja ili kipande hicho kirefuke. Flash aliongeza usahihi: aliweka alama kwenye santuri ili ajue hasa mahali pa kuirudisha bila mdundo kukatika. Wachanaji wote utakaowasikia baadaye wamesimama juu ya kazi hiyo ya mikono, na ndiyo sababu nasisitiza DJ atazamwe kabla ya mwenye kipaza sauti.

Filamu ya pili iwe Style Wars, filamu ya hali halisi ya Tony Silver na Henry Chalfant, nayo ni ya mwaka 1983. Hapa kazi yako ni kuwasikiliza wanaogombana. Kijana Skeme anazungumza nyumbani akiwa na mama yake, ambaye haoni kabisa faida ya mwanawe kuingia kwenye mahandaki ya treni usiku. Meya wa New York, Ed Koch, anaeleza kwa nini jiji linapambana na grafiti. Na Cap, ambaye naye ni mchoraji, anafunika kazi za wenzake kwa jina lake bila huruma. Andika pembeni kila mmoja anatetea nini. Watengenezaji hawakukuamulia nani yuko sahihi, na kwa maoni yangu hakuna filamu nyingine ya hip-hop iliyowatendea haki wapinzani wake kiasi hicho.

Kabla hujaendelea, kuna jambo moja kuhusu lugha. Katika vibanda vya video vya kwetu tumezoea filamu zilizotafsiriwa, ambamo DJ husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na katika filamu za mapigano kazi hiyo ni ufundi unaostahili heshima. Kwa filamu za hip-hop, hata hivyo, usitumie nakala ya namna hiyo, kwa sababu msimulizi hulazimika kuzungumza juu ya kitu kilekile ulichokuja kukisikiliza. Tafuta nakala yenye sauti yake halisi na maandishi chini ya picha. Msikilize mchanaji mara ya kwanza bila kusoma, ili upate mwendo wa vina vyake, kisha rudisha nyuma usome mistari. Tumia vipokea sauti vya masikioni au spika nzuri, kwa kuwa spika ya simu huimeza besi, na besi ikipotea umepoteza nusu ya maana.

Baada ya hapo uko tayari kwa 8 Mile ya Curtis Hanson, iliyotoka mwaka 2002, ambayo kisa chake kimewekwa Detroit mwaka 1995. Haifai kutazamwa na watoto kwa sababu ya lugha na mambo ya kikubwa yaliyomo. Itumie kujifunza jinsi shambulio la maneno linavyojengwa. Katika kila mpambano angalia mambo matatu kwa pamoja: mchanaji anajua nini kuhusu mpinzani wake, kina kinaangukia wapi kwenye mdundo, na ukumbi unalipuka katika neno gani. Utagundua kwamba mara nyingi mstari mzito huwekwa mwisho na kwamba mistari iliyoutangulia ilikuwepo ili kuuandalia njia. Katika mpambano wa mwisho mhusika mkuu anataja yeye mwenyewe aibu zake zote, umaskini wake na kudhalilishwa kwake, ndipo anayafichua maisha ya siri ya mpinzani. Kipaza sauti kinapokabidhiwa upande wa pili, hakuna silaha iliyobaki. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya kujibizana ataitambua mbinu hiyo mara moja. Wimbo wa filamu hii, Lose Yourself, ulipata tuzo ya Oscar mwaka 2003, nao ulikuwa wimbo wa kwanza wa rap kuipata.

Sasa ndipo zifuate filamu za maisha ya watu, na hapa umakini unahitajika zaidi kuliko popote. Chukua Straight Outta Compton ya F. Gary Gray, ya mwaka 2015, kuhusu kundi la rap la N.W.A. Ina nguvu kubwa inapoonyesha vijana wanavyolazwa chini na polisi mbele ya studio, na mtu akiliona tukio hilo huelewa hasira ya N.W.A bila kuhitaji maelezo mengine. Lakini soma majina ya watayarishaji: Ice Cube na Dr. Dre, waliokuwa wanakundi, wamo, na anayemwigiza Ice Cube ni mwanawe wa kumzaa. Kisha uliza nini kimeachwa. Mwaka 1991 Dr. Dre alimshambulia mwanahabari Dee Barnes, shauri likafika mahakamani, na filamu haikuligusa. Barnes alilieleza hadharani filamu ilipotoka, na mwaka huohuo Dr. Dre aliwaomba radhi wanawake aliowaumiza. Sisemi filamu itupwe. Nasema ichukuliwe kama ushahidi wa upande mmoja, na msikilizaji mwenye haki hutafuta upande wa pili kabla hajaamua. Notorious ya mwaka 2009, ambayo mama yake mchanaji Notorious B.I.G. alishiriki kuitayarisha, itazamwe kwa jicho hilohilo.

Mhusika kushiriki katika utayarishaji si lazima kulete kujisifu. Roxanne Roxanne, ya mwaka 2017, inamhusu mchanaji Roxanne Shanté wa Queensbridge, New York, aliyerekodi wimbo uliompa jina akiwa na umri wa miaka 14, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliousimamia utayarishaji wake. Hata hivyo filamu inakaa muda mrefu kwenye kipigo, kudhulumiwa na fedha zilizopotelea mikononi mwa wengine, kiasi kwamba umaarufu wenyewe unapewa nafasi ndogo. Itazame mara tu baada ya Straight Outta Compton, ukilinganisha mahali wanawake wanaposimama katika kila moja.

Nje ya Marekani, chagua filamu zinazoonyesha watu wakiipa hip-hop sura ya kwao. La Haine ya Mathieu Kassovitz, ya Ufaransa mwaka 1995, ina tukio fupi la DJ dirishani akiichanganya sauti ya Édith Piaf na rap ya kuwapinga polisi, huku kamera ikielea juu ya majengo ya vitongoji. Dakika hizo chache hueleza mengi kuliko hotuba. Gully Boy ya Zoya Akhtar, ya mwaka 2019, inaipeleka hip-hop katika mtaa wa Dharavi, Mumbai, nchini India.

Kwa Afrika Mashariki, anza na Bouncing Cats ya mwaka 2010, inayomfuata Abraham Tekya, anayejulikana kama Abramz, na mradi wake wa kuwafundisha vijana wa Uganda kucheza breki (breakdance) bila malipo. Anayewatembelea Kampala na Gulu ni Crazy Legs wa Rock Steady Crew, yuleyule uliyemwona akiwa kijana katika filamu mbili za mwanzo. Kisha zitafute Hali Halisi ya mwaka 1999, kuhusu rap ya Tanzania, na Hip Hop Colony ya Michael Wanguhu, kuhusu Kenya. Ukiona orodha ya kwetu ni fupi na una simu yenye kamera, nenda kwenye kilinge, yaani mkusanyiko wa wachanaji, au uwanja wa mazoezi ulio karibu nawe. Omba ruhusa, acha kamera iende bila kukatakata, chukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia ikiwezekana, na uandike majina kamili ya wote walioonekana, mahali na tarehe, kisha hifadhi nakala mbili sehemu tofauti.