Simu na visikizi: ubadilishe au utengeneze? Pima kwanza

Wengi wanaofika kwenye kaunta yangu Kariakoo wakitaka niwatafutie simu mpya huwa wameshika simu nzima yenye kitu kimoja kibovu: betri imechoka, memori imejaa, au tundu la chaji limesheheni vumbi la mfukoni. Visikizi visivyo na waya, hivi ambavyo mtaani vyote tunaviita AirPods hata vikitoka kiwanda gani, mambo yake ni kinyume. Mtu anavileta vitengenezwe wakati vimeshamaliza maisha yake. Ndiyo maana nashauri kila kimoja kiamuliwe peke yake, na simu itangulie. Najua mwamba ngoma huvutia kwake na mimi ni fundi, lakini karibu hatua zote hizi utazifanya ukiwa nyumbani, kabla hujamwona fundi wala muuzaji.

Hatua ya 1: Itaje kero yenyewe

"Simu imezeeka" haimsaidii mtu. Sema chaji inaisha kabla ya adhuhuri, simu inazima ikiwa na asilimia 30, programu ya benki inakataa kufunguka, au unayempigia hakusikii. Kama kero ni kwamba shemeji kanunua mpya, pesa ni yako, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Hatua ya 2: Pima betri

Anza hapa hata kama kero yako ni simu kwenda polepole. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba iPhone zenye betri iliyochakaa zilipunguzwa kasi na programu ya simu yenyewe ili zisizime ghafla. Watu walikuwa wameshanunua simu mpya kumbe dawa ilikuwa betri.

Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Battery, kisha Battery Health, usome Maximum Capacity. Ikishuka chini ya 80, badilisha betri kwanza, mengine baadaye. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Kwa Samsung, fungua programu ya Samsung Members na uendeshe kipimo cha betri kwenye sehemu ya uchunguzi.

Simu nyingi za bei ya chini hazitakupa namba yoyote. Hizo zitazame tabia: chaji inaruka kutoka 40 hadi 15, au simu inazima ukifungua kamera huku chaji ipo. Na ukiona kioo kimeinuka pembeni au mgongo umefura, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, ilete kwa fundi siku hiyohiyo.

Jambo moja uulize mapema: iPhone za kuanzia XR na XS zinaweza kutoa ujumbe kwamba betri mpya haitambuliki kama ya Apple. Simu itafanya kazi, ila mnunuzi wa kesho atauona ujumbe huo na kushusha bei.

Hatua ya 3: Safisha memori

Simu iliyojaa pomoni huburuta miguu. Fungua WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage, ufute video za harusi na vikao ambazo hutazitazama tena. Acha angalau sehemu moja ya kumi ya memori iwe tupu, kisha zima na uwashe. Kama simu ina RAM (memori ya kufanyia kazi, siyo ya kuhifadhi picha) ya GB 2 na bado inasota, hapo sina dawa. RAM haiongezwi kwa kuchomeka memori kadi, haidhuru muuzaji anasemaje.

Hatua ya 4: Angalia masasisho

Huu ndio mpaka ambao fundi hawezi kuuvuka. Kioo nakibadilisha, betri naibadilisha, tundu la chaji nalichomelea upya, lakini kampuni ikiacha kutuma masasisho ya usalama sina kifaa cha kuyarudisha.

Kwenye Android ingia Settings, About phone, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Likiwa limepita mwaka na hakuna jingine linalokuja, anza kuweka akiba, hasa kama simu hiyo ndiyo benki yako. Kwenye iPhone, iOS 26 (mfumo unaoendesha simu hizo) iliyotoka Septemba 2025 iliziacha XR, XS na XS Max. 11 kwenda mbele zimo. Kuachwa hakumaanishi kufa siku hiyo, ila programu hufuata nyuma. WhatsApp ilianza kudai iOS 15.1 mwezi Mei 2025, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje.

Wanunuzi wa simu za mtumba wa Dubai, hapa ndipo mnapoumia. Ahadi ya masasisho huhesabiwa tangu siku modeli ilipoingia sokoni, wala haijali wewe umeinunua lini. Galaxy S21 ilitoka Januari 2021 na baadaye ikaahidiwa miaka 5 ya masasisho ya usalama, hivyo hesabu yake inaishia 2026 hata kama unayopewa haina mkwaruzo. Galaxy S24 ya 2024 imeahidiwa miaka 7, sawa na Pixel 8 ya 2023. Ukiwa na pesa ya kuchagua, mimi ningechukua S24 yenye michubuko kuliko S21 inayong'aa.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Uliza simu yako ingeuzwa bei gani leo ikiwa nzima, usitumie bei uliyonunulia. Gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya hiyo, na masasisho yanakaribia kuisha, acha. Tuseme simu nzima ingeuzwa 400,000 na kioo chake ni 250,000: usitengeneze. Betri ya 60,000 kwenye simu hiyohiyo: tengeneza leo.

Simu iliyoingia maji ya bahari usiihesabu kabisa. Chumvi hula bodi polepole, na iliyowaka leo inaweza kuzima wiki ijayo.

Hatua ya 6: Visikizi

Betri ya kisikizi kimoja ni ndogo kuliko ukucha, na kwa AirPods imefungwa kwa gundi. Mafundi wa iFixit, tovuti inayofungua vifaa na kupima vinavyotengenezeka, walizipa AirPods alama 0 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengeneza. Ukifanikiwa kukifungua bila kukivunja, kukifunga kikae kama kilivyokuwa ni shughuli nyingine. Kwa hiyo pima hivi: uvichaji mpaka vijae, viweke masikioni kwa sauti unayoizoea, uangalie saa. Vikidumu chini ya nusu ya muda ulioandikwa kwenye boksi, vimekwisha. Usimlipe mtu kuvifungua.

Lakini usihukumu kabla ya kusafisha. Sauti ndogo upande mmoja mara nyingi ni nta ya sikio kwenye wavu. Tumia mswaki laini mkavu, usitumie sindano. Upande usiochaji mara nyingi una uchafu kwenye vile vidoti vya chuma, ndani ya kasha na kwenye kisikizi chenyewe. Futa kwa kitambaa kikavu. Halafu vifute kwenye orodha ya bluetooth ya simu, uviunganishe upya. Dada mmoja alishalipia vipya kwa jirani yangu kabla hajanionyesha vya zamani. Vilikuwa na nta tu.

Ukilazimika kununua, simu iwe imeshaamuliwa. Visikizi vyenye LDAC, njia ya Sony ya kurusha sauti kwa bluetooth, hulipiwa zaidi kwa ajili ya ubora wa muziki, lakini iPhone haitumii LDAC, inatumia AAC, hivyo mwenye iPhone analipia kitu asichokisikia. Na usibadilishe visikizi vizima kwa sababu ya namba ya bluetooth kwenye boksi, 5.0 kwenda 5.4, kwa mtu wa muziki na simu za kawaida tofauti ni ndogo mno.

AirPods bandia nazo zimejaa, nyingine hata hutokeza kwenye kioo cha iPhone kama halisi. Ziunganishe na iPhone yenye iOS 16 au zaidi ukiwa bado dukani. Simu ikisema haiwezi kuzithibitisha, rudisha boksi na ushukuru.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipa

Bonyeza *#06#, ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume kwenda 15090, ujumbe utakurudia na modeli. Ikitajwa modeli tofauti na uliyoishika, ondoka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Juni 2016 na mfumo upo mpaka leo. Kwa iPhone ya mtumba, soma pia Settings, General, About. Simu nyingi zitakuonyesha humo kama betri au kioo kimewahi kubadilishwa.

Hatua ya 8: Simu ya zamani

Hifadhi nakala ya WhatsApp na picha, hamisha programu za benki kwenda simu mpya, na uhakikishe zinafunguka huko. Kisha ondoa akaunti ya Google au iCloud kwanza, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kwa nguvu bila kuondoa akaunti, simu itamdai mnunuzi neno la siri lako, naye atakupigia hata usiku wa manane. Visikizi vya Apple viondoe pia kwenye Find My (programu ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea) kabla ya kumpa mtu.