Jinsi ya Kupanga Ziara ya Mabaraza katika Kaunti ya Lamu

Afisa anayetaka kukusanya maoni ya wananchi wa Lamu, kama Katiba ya 2010 inavyoagiza, aanze kwa kutazama jedwali la kupwa na kujaa kwa bahari kabla ya kalenda ya ofisi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika wadi zote 10, idadi ambayo ni ndogo, lakini wametawanyika visiwani, mashambani na msituni, na kila jamii ina majira yake.

Ugumu mkubwa uko visiwani. Chombo kinachotoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda kisiwa cha Pate hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa hubaki matope na mizizi ya mikoko. Safari moja tulichelewa kuondoka tukingoja hati zitiwe sahihi. Boti ikakwama, nahodha akazima injini akashika upondo, na wazee waliotungoja Faza, kisiwani Pate, tangu asubuhi wakarudi makwao. Siku hizi humuuliza nahodha kwanza, ndipo nikaandika mwaliko. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu huenda isifae Alhamisi. Wakati wa upepo wa kusi wavuvi wengi hupatikana nyumbani, ila bahari huchafuka, chagua moja.

Miji ya bara, yaani Hindi, Mpeketoni na Witu, hufikika kwa gari. Wakulima wa Mpeketoni, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970, wasiitwe barazani mvua za masika zinapoanza, kwani wako shambani wakipanda. Waorma hufuata malisho, hivyo aulizwe mzee wao mifugo iko wapi wiki hiyo.

Wadi ya Basuba, wanakoishi Waboni kandokando ya msitu, isipangiwe safari bila kushauriana na maafisa wa usalama. Atafutwe pia mkalimani mzaliwa wa hapo, kwa kuwa Kiboni ni lugha ya Kikushi, na mzee anayeitikia "ndiyo" kwa adabu huenda hakuelewa swali.

Kote huko, wanawake watengewe kikao chao baada ya alasiri, maana mbele ya wanaume wengi wao hunyamaza. Kumbukumbu zisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na nakala moja iachwe kwa mzee wa mtaa.