Jinsi ya Kuchagua Hoteli ya Dizaini Katikati ya Copenhagen

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na miongoni mwa wateja wangu wamo wasanifu majengo, mafundi samani na wahadhiri wanaokwenda Copenhagen ili kujionea dizaini ya Denmark. Wengi wao hunijia na picha ya ukumbi wa mapokezi waliyoiona mtandaoni. Picha hiyo haisaidii sana, kwa kuwa mgeni halali mapokezi. Katika mji huu, kinachoamua ubora wa chumba ni jengo lenyewe: lilijengwa lini, kwa kazi gani, na chumba chako kiko upande gani wa jengo hilo. Hatua zifuatazo zinaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: uliza jengo lilikuwa nini hapo awali

Yapo majengo yaliyojengwa tangu msingi yawe hoteli, na mfano mkubwa ni mnara wa SAS Royal, ambao leo unaitwa Radisson Collection Royal Hotel, karibu na bustani ya Tivoli na stesheni kuu ya treni. Ulifunguliwa mwaka 1960, na msanifu wake, Arne Jacobsen, alibuni takriban kila kitu kilichokuwamo, kuanzia kuta za nje hadi vitasa vya milango na vijiko vya mezani. Viti vyake mashuhuri, Ægget (Yai) na Svanen (Bata-maji), vilibuniwa kwa ajili ya hoteli hiyo. Hata hivyo, chumba nambari 606 pekee ndicho kilichohifadhiwa kama kilivyokuwa mwanzoni, na rangi yake ya buluu inayoelekea kijani. Vyumba vingine vimekarabatiwa kulingana na nyakati, kwa hiyo anayelipa akidhani atalala ndani ya mwaka 1960 anapaswa kuelezwa mapema. Faida ya mnara ni kwamba vyumba vya daraja moja hufanana, na tofauti kubwa inayobaki ni ghorofa na upande.

Aina ya pili ni majengo yaliyobadilishwa matumizi. Villa Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 2020, ilikuwa makao makuu ya posta yaliyojengwa mwaka 1912. Nobis, karibu na jumba la makumbusho la Glyptoteket, imo katika jengo la mwaka 1903 lililowahi kuwa chuo cha muziki cha kifalme. Humo utapata ngazi pana, dari za juu na madirisha makubwa, na binafsi ndiyo majengo ninayoyapenda zaidi. Lakini vyumba vyake havilingani: chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha marefu na chumba kilichobanwa chini ya paa vinaweza kuuzwa kwa majina yanayokaribiana. Ukiona kwenye picha dari iliyoinama upande mmoja, huo ni mteremko wa paa. Unapendeza machoni, ila mtu mrefu atakuwa akiinama kila anapoamka.

Hatua ya pili: chagua mtaa kwa kuangalia reli kwanza

Kutoka uwanja wa ndege wa Kastrup kuna njia mbili za reli, na zote huchukua kama robo saa hivi. Treni ya kawaida hukufikisha stesheni kuu, iitwayo København H, ilhali metro ya M2 hupita stesheni za Kongens Nytorv na Nørreport bila kugusa stesheni kuu. Kwa hiyo, aliyepanga karibu na Tivoli apande treni, na aliyepanga karibu na Kongens Nytorv, kwa mfano katika hoteli ndogo ya Sanders nyuma ya ukumbi wa kifalme wa michezo ya kuigiza, apande metro. Tangu mwaka 2019 njia ya mzunguko ya M3 imeunganisha stesheni kuu, Rådhuspladsen, Gammel Strand na Kongens Nytorv, na metro hufanya kazi usiku kucha. Hivyo umbali wa ndani ya mji haupaswi kukusumbua. Kinachofaa kukusumbua ni kelele.

Barabara ya Strøget haipiti magari tangu mwaka 1962, na wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo ni tulivu. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi sauti za waliotoka baa hubaki mitaani hadi karibu alfajiri, na Nyhavn, mtaa wa bandari ya zamani, nako ni vivyo hivyo wakati wa kiangazi. Kengele za jumba la manispaa husikika vizuri kwa walio karibu, na Tivoli huwa na matamasha ya muziki Ijumaa za kiangazi. Dawa yake ni chumba kinachotazama ua wa ndani, ambao majengo mengi ya zamani ya Copenhagen yanao. Utakosa mandhari, utapata usingizi.

Hatua ya tatu: soma chumba, usisome sifa zake

Tafuta ukubwa kwa mita za mraba, ambao hoteli nyingi za huko huuandika. Vyumba vya daraja la chini katikati ya mji huwa vidogo mno. Chini ya mita 15 za mraba, watu wawili wenye masanduku makubwa watalazimika kupeana zamu ya kuyafungua. Kisha kuza picha na uangalie vitu vinne.

Kwanza ni taa, na hapa ndipo dizaini ya kweli hujulikana. Mbunifu wa Denmark Poul Henningsen alibuni taa yake ya PH 5 mwaka 1958 kwa kupanga vifuniko kadhaa ili jicho lisiione balbu popote ulipokaa, na mwanga ushuke laini juu ya meza. Taa hiyo ikining'inizwa chini, kiasi cha sentimita 60 juu ya meza, mtu anaweza kusoma na kula chini yake bila kuumia macho. Ikiwa imepachikwa juu karibu na dari, au iko pembeni ambako hakuna meza, basi imewekwa kwa ajili ya picha. Angalia pia kama kila upande wa kitanda una taa na swichi yake.

Pili ni madirisha. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mapazia mazito si anasa. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni; wakati huo dirisha kubwa linaloelekea kusini lina thamani kuliko kiti chochote maarufu. Tatu ni kitanda: kitanda cha watu wawili mara nyingi ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, kila mtu na mfarishi wake. Nne ni bafu, ambalo mara nyingi halina kizuizi cha maji, na kwa kawaida chooni hakuna bomba la kujisafishia. Anayelihitaji abebe chupa yake.

Hatua ya nne: bei, tarehe na viza

Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 tayari imo katika bei unayoonyeshwa, lakini kifungua kinywa huenda kisiwemo, na gharama yake si ndogo. Epuka siku za maonyesho ya 3daysofdesign mwezi Juni na tamasha la jazi mwezi Julai, isipokuwa kama ndizo zinazokupeleka. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa krone, sarafu ya Denmark, au kwa shilingi, chagua krone.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda huhitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi yake hudai uthibitisho wa malazi pamoja na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo weka nafasi inayoweza kufutwa bila malipo, hata kama ni ghali kidogo, na uhakikishe kwamba siku ya mwisho ya kufuta inakuja baada ya siku unayotarajia kupata jibu la viza.

Hatua ya tano: iandikie hoteli

Kabla ya siku ya mwisho ya kufuta, tuma barua pepe fupi moja kwa moja kwa hoteli, si kwa tovuti iliyokuuzia. Uliza mambo matatu: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kinatazama mtaa au ua, na kama kuna ujenzi wowote unaoendelea ndani au jirani katika tarehe zako. Jibu linalotaja ghorofa na upande linatosha. Likirudi jibu la kusifu hoteli bila kutaja chumba, uliza mara ya pili. Likirudi vilevile, futa nafasi hiyo ungali na muda, kisha uende kwa hoteli ya pili kwenye orodha yako.