Kuondoa TikTok kwenye simu ya kazi na kuomba kibali: mwongozo kwa ofisi za miradi Tanga

Barua ya kukataza TikTok inayofika kwenye ofisi ya mradi huwa fupi. Simu, vishkwambi na kompyuta zote za mradi zisiwe na TikTok, na kila mfanyakazi arudishe fomu ya tamko iliyosainiwa. Kufuta programu ni kazi ya dakika moja. Kinachowaliza watu, kuanzia Chumbageni hadi Pangani, ni kufuta kabla ya kutoa vitu vyao, halafu kuhangaikia kibali ambacho mara nyingi hakipo.

Marufuku yenyewe haikuanzia hapa. Tume ya Ulaya iliwapa watumishi wake hadi tarehe 15 Machi 2023, na Uingereza ikatangaza ya kwake siku moja baadaye. Marekani ilipitisha sheria Desemba 2022, kisha Juni 2023 ikaiingiza kwenye mikataba ya manunuzi ya serikali kupitia kifungu 52.204-27 cha FAR, yaani kanuni zake za manunuzi. Hiki ndicho kinachosafiri mpaka Tanga, maana mkandarasi mkuu analazimika kukishusha kwa wakandarasi wadogo wote. Hoja ya serikali hizo ni kwamba ByteDance, wenye TikTok, ni kampuni ya Beijing, na sheria ya ujasusi ya China ya 2017 inayataka mashirika yashirikiane na vyombo vya usalama. TikTok wamekana kuipa serikali ya China taarifa za watumiaji. Mjadala huo uacheni kijiweni, fomu haiulizi maoni yako.

Soma mkataba kabla ya kugusa simu

Muulize mhasibu, si bosi. Mhasibu ndiye mwenye viambatisho. Fungua PDF, tafuta "52.204-27". Kikionekana, mmebanwa na sheria ya Marekani. Kisipoonekana, huenda fedha zenu ni za ruzuku. Kifungu hicho ni cha manunuzi na hakiingii kwenye ruzuku chenyewe tu, ingawa mfadhili anaweza kuweka sharti lake. Au pengine ni sera ya shirika lenu tu, iliyonakiliwa kutoka ofisi nyingine. Tofauti hii inaamua barua yako ya maombi ianzie kwa nani: kama ni sera ya shirika, anayeamua yuko Dar es Salaam na anapokea simu.

Simu ipi inahusika

Hapa wengi wanakosea pande zote mbili. Simu uliyopewa na mradi inahusika, hilo halina ubishi. Ila hata Tecno yako uliyonunua mwenyewe inahusika kama unaitumia kufanya kazi ya mkataba: kusoma barua pepe ya mradi, kujaza dodoso, kutuma ripoti. Simu yako isiyogusa kazi ya mkataba haihusiki, na kifungu hakimpi mtu haki ya kuikagua.

Kwa hiyo una njia mbili: toa TikTok, au toa kazi. Kama TikTok ndiyo inayouza vitenge vya mke wako, ondoa barua pepe ya mradi kwenye simu hiyo, kisha omba simu ya ofisi kwa maandishi. Watakwambia bajeti haipo. Nakala ya ombi itunze, kuna siku itaulizwa.

Toa mali yako kwanza

Usisanidue chochote bado. Video zilizo kwenye Rasimu haziko kwenye akaunti, ziko ndani ya simu tu. Ukisanidua programu zinakwenda nayo, na hakuna wa kumpigia. Ofisi iliyorekodi akina mama wa mwani kule Mkinga wiki nzima inaweza kupoteza yote kwa kidole kimoja cha mfanyakazi mtiifu. Fungua rasimu moja moja, iweke ionekane na wewe peke yako, washa kitufe cha kuhifadhi kwenye kifaa, kisha chapisha. Nenda kwenye matunzio ya picha uhakikishe video imefika na inacheza mpaka mwisho.

Kisha omba data ya akaunti: Mipangilio na faragha, Akaunti, Pakua data yako. Haiji papo hapo. Inaweza kuchukua siku kadhaa, na ikishakuwa tayari hukaa muda mfupi tu kabla ya kiungo kuisha. Ukiomba Ijumaa ukaenda harusini Lushoto, utarudi uombe upya. Anza siku ileile barua ilipofika.

Sasa namba ya simu, ambayo ndiyo inayokula wiki. Akaunti ya mradi mara nyingi ilifunguliwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa laini yake. Msimbo wa kuingilia unakwenda kwenye laini hiyo. Laini ikiwa imefungwa, anayeweza kuirudisha ni mwenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole chake tu, na kwa kawaida huyo sasa yuko Mwanza. Piga *106# ukiwa na laini husika uangalie usajili wake. Kama si wa ofisi, unganisha kwanza barua pepe ya ofisi kwenye akaunti wakati bado uko ndani, ndipo ubadilishe namba. Ukigeuza mpangilio huo utajifungia nje, na huduma kwa wateja ya TikTok haina dirisha pale Barabara ya Kumi na Mbili.

Kufuta, na sehemu inapojificha

Sanidua. Kisha tafuta ndugu zake: TikTok Lite ni programu tofauti, na CapCut na Lemon8 ni za ByteDance vilevile. Kifungu cha Marekani kinataja TikTok na huduma zitakazoirithi, lakini barua nyingi za ofisi huandika "na programu nyingine za ByteDance". Soma yako neno kwa neno. Afisa habari anayehariri kila kitu kwa CapCut ndiye huumia hapa.

Kagua pia wasifu wa kazini (Work Profile), Secure Folder (folda ya siri) kwa wenye Samsung, na mtumiaji wa pili kama simu inao. Katazo la Marekani ni kuwa nayo au kuitumia, kwa hiyo kufungua kiungo cha TikTok kilichotumwa WhatsApp kwenye kivinjari cha kompyuta ya mradi nako kumo.

Simu nyingine hutoka kiwandani na programu ambazo hazisaniduliki, zinakubali kuzimwa tu. Iliyozimwa bado ipo. Afisa TEHAMA anaweza kuiondoa kwa amri ya kompyuta kupitia waya wa USB, ila simu ikirejeshwa katika hali ya kiwandani, inarudi. Andika hayo kwenye sehemu ya maelezo ya fomu. Na simu mpya ukiiwasha kwa akaunti yako ya Google, kataa kurejesha programu za zamani, la sivyo TikTok itaingia yenyewe wakati wewe umeshasaini kwamba haimo.

Fomu ya tamko

Jina, cheo, saini: hayo unayajua. Kinachorudisha fomu ni IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Piga *#06#. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, kila moja tarakimu 15, na zote zinatakiwa. Usinakili kutoka kwenye boksi la simu, maboksi hubadilishana pale store. Tarehe ya kusaini iwe ya siku uliyofuta au baada yake. Fomu iliyosainiwa kabla ya kufuta ni tamko la uongo, hata kama ulifuta jioni ileile.

Kuomba kibali

Kama mmebanwa na kifungu cha Marekani, usipoteze karatasi kuomba msamaha kwa ajili ya uhamasishaji au matangazo. Milango iliyoachwa wazi ni ya shughuli za kipolisi, usalama wa taifa na utafiti wa usalama wa mitandao. Elimu ya mikoko haimo, hata uiandike kwa ufasaha wa Kimtang'ata. Uingereza wao waliacha nafasi ya kuangalia ombi moja moja.

Kinachoweza kukubalika ni ombi jingine kabisa: simu ya habari, yaani ya kupandishia video, iliyo nje ya mkataba, inayonunuliwa kwa fedha nyingine, isiyo na barua pepe wala mafaili ya mradi. Kichwa kiwe hivi: "YAH: OMBI LA UTHIBITISHO KUWA SIMU YA HABARI HAIHUSIKI NA KATAZO". Usiandike "ombi la kutumia TikTok", litakataliwa kabla halijasomwa. Mwilini taja aina ya simu, IMEI zote mbili, chanzo cha fedha, jina la atakayeitunza na laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi. Ambatisha stakabadhi ya ununuzi. Kama barua inakwenda kwa mkandarasi mkuu, peleka na toleo la Kiingereza, la sivyo itamsubiri mfasiri asiyekuwepo.

Barua ipitie kwa mkuu wa idara, kisha masijala. Usiondoke hapo bila mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe kwenye nakala yako. Jalada lina tabia ya kutembea lenyewe, hasa mkurugenzi akiwa kikaoni Dodoma, na bila mhuri utaambiwa hukuleta kitu. Akisaini kaimu, hakikisha ana barua ya kukaimu.

Jibu likija la kukubali, angalia kama lina ukomo, uandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Na simu ya habari isiunganishwe na Wi-Fi ya ofisi hata kwa kupandisha video moja. Ruta inaweza kuweka kumbukumbu za vifaa vilivyoingia, na mkaguzi ataanzia hapo. Nunua bando.