Somo: Kwenda Tendaguru, kwenye kilima cha mjusi mkubwa

Kila wiki inboksi swali ni lilelile: "Mkuu, Tendaguru naendaje?" Ni kile kilima cha Lindi palipochimbwa mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale. Naandika mara moja. Someni.

1. Nendeni kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Masika msijaribu.

2. Pikipiki imara au gari la juu. Ni kama kilomita 60 tu kutoka Lindi mjini ukitazama ramani, ila njia inapindapinda. Jazeni mafuta mjini, tengeni siku nzima.

3. Maji ya kutosha, chakula, viatu vya kufunika.

4. Ruhusa. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilipita kijijini bila kusimama, nikijiona mjanja, na kijembe kifupi begini, eti nitafukua kidogo. Hatukufika mbali. Vijana wakatuzuia njiani, wakauliza tunatafuta madini gani. Begi likamwagwa mezani ofisi ya kijiji: kijembe, mifuko ya nailoni, tochi, daftari. Kwa vitu vile hata mimi nisingejiamini. Tukakaa kwenye benchi toka saa nne asubuhi hadi saa kumi, tukimsubiri mwenyekiti arudi shamba la ufuta. Mzee akakishika kile kijembe, akaniuliza: "Mwanangu, ulikuwa unakwenda kupalilia nini huko?"

Kwa hiyo anzeni ofisi ya wilaya, mpate barua. Kisha mtendaji wa kijiji, mwombe mwenyeji wa kuongozana naye, na posho yake mkubaliane KABLA ya kuondoka. Jembe liacheni nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haitaki mtu achimbe bila leseni.

5. Mkifika, mfuateni mwenyeji. Jicho lake linaona mfupa pale wewe unapoona jiwe.

MASWALI

Mla Korosho: Kwa hiyo mjusi mwenyewe tunamkuta pale?
— Hapana. Yuko Berlin. Pale ni kilima, nyasi na miti.

Mla Korosho: Sasa naenda kuona nini?
— Baki nyumbani, kaka.

Chuma cha Masasi: Naweza kuokota kipande kimoja cha kumbukumbu?
— Soma namba 4.

Binti Nyangao: Shikamoo kaka. Walichimba akina nani, na waliipelekaje mifupa Ujerumani?
— Marahaba dada, swali zuri. Wajerumani waliongoza uchimbaji toka 1909 hadi 1913, lakini mikono ilikuwa ya watu wetu, mamia yao, na msimamizi aliyetegemewa sana ni Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa za kutembea, ndipo meli. Yule wa Berlin ana urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, na mfupa wake wa juu wa mguu wa mbele unamzidi mtu mzima kimo. Waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, eneo hilo likiwa karibu na bahari. Na mwaka 2019 mmoja wa mijusi wa hapo alipewa jina Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera.

Binti Nyangao: Wamwera! Babu yangu atafurahi.
— Nenda naye. Ila asivae bluu wala nyeusi, ndorobo wanazipenda rangi hizo.

Mvuvi wa Mikindani: Kijembe ulirudishiwa?
— Ndiyo. Napalilia nacho mchicha.